Tiba ya sumaku: Tutafute maneno kabla ya mashine

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi, ambaye kazi yangu ya kila siku ni kufundisha isimu katika chuo kikuu, nilijikwaa ulimi mwaka uliopita, na aliyeumia si mimi.

Mama mmoja jirani yangu, mchuuzi wa samaki katika ufuo wa Dunga hapa Kisumu, alinijia jioni moja akiwa na simu mkononi. Mwanawe anayefanya kazi Uingereza alikuwa amemwandikia kwamba ameugua huzuni nzito kwa muda mrefu, kwamba dawa alizopewa hazikumfaa, na kwamba daktari wake amempendekezea tiba ya sumaku kichwani. "Mwanangu," mama akaniambia, "wewe ndiwe uliyesoma hadi ukaitwa daktari. Nieleze, haya ni mambo gani?" Nami, bila kufikiri, nikamjibu kwamba kijana atatiwa umeme wa sumaku ubongoni. Mama akashika kichwa. "Kumbe mtoto wangu amekuwa janeko!" Usiku huohuo akampigia kijana simu na kumkataza katakata.

Janeko ni mwendawazimu kwa Kijaluo. Kijana yule hakuwa mwendawazimu, wala tiba aliyoelezwa haikuwa ile iliyomjia mama akilini. Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa na shahada tatu, lakini sikuwa na neno.

Siku mbili baadaye nilimwendea mama nikiwa na baiskeli. Niliinua gurudumu la nyuma, nikalizungusha, na taa ikawaka. Ndani ya dainamo, nilimweleza, sumaku huzunguka karibu na waya, na umeme huzaliwa katika waya huo ingawa haviunganiki. Kanuni hiyo iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831. Mnamo 1985 Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield waliitumia kuuamsha ubongo wa binadamu. Koili ya waya huwekwa juu ya kichwa, umeme ukapitishwa ndani yake kwa mipigo mifupi, na nguvu ya sumaku inayotokea hupenya fuvu bila kulipasua. Humo ndani huzaa umeme hafifu unaozichochea seli za sehemu moja ndogo ya ubongo.

Mgonjwa huwa macho, ameketi kitini, na huweza kurudi kwake siku hiyohiyo. Kwa ugonjwa wa huzuni nzito, aghalabu huhudhuria siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita. Hii si tiba ya mshtuko wa umeme, ambayo hupitisha umeme kichwani hadi mgonjwa apate degedege akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Hiyo nayo ni tiba halali iliyowaokoa wengi, lakini ni nyingine.

Marekani iliidhinisha tiba ya sumaku kwa ugonjwa wa huzuni mwaka 2008, kwa aina moja ya kipandauso mwaka 2013, na mwaka 2018 kwa maradhi ya wasiwasi yanayomlazimisha mtu kurudiarudia jambo lilelile. Uingereza ilitoa mwongozo wake kuhusu huzuni mwaka 2015. Hata hivyo, si muujiza. Wako wasiopata nafuu, wako wanaoumwa na kichwa, na mara chache sana mtu hupatwa na degedege. Mwenye chuma fulani kichwani hafai kuipokea, na mwenye kifafa huhitaji uangalizi wa pekee. Jambo hili la mwisho latuhusu sisi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, kwa kuwa malaria imetutawala kuliko sehemu nyingine za Kenya, na malaria inayopanda kichwani huweza kumwachia mtoto kifafa.

Kwetu wanaisimu yako mengine ya kutafakari. Mwaka 1991 watafiti walieleza jinsi walivyoielekeza mipigo ya sumaku upande wa kushoto wa kichwa cha wagonjwa waliokuwa wakizungumza, na usemi ukakatika papo hapo. Mipigo ilipokoma, usemi ukarejea. Ikiwa lugha yenyewe hukaa katika nyama ya ubongo na yaweza kuzimwa na kuwashwa hivyo, basi huzuni isiyokoma nayo yaweza kuwa ugonjwa wa kiungo, sawa na ugonjwa wa moyo au wa figo. Haya yanaita aibu gani?

Aibu imo katika maneno. Neno wazimu ni ndugu wa mzimu, kwa hiyo anayelitamka huwa amekwisha kutaja chanzo cha ugonjwa kabla daktari hajampima mtu. Kifafa laonekana kuzaliwa na kitenzi kufa. Na ni mwalimu gani nchini asiyewahi kumsikia mwanafunzi akimwambia mwenzake kwamba anafaa kupelekwa Mathari? Sheria yetu yenyewe ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, hadi Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu mnamo Januari 9, 2025. Sheria imebadilika. Ndimi zetu bado.

Najua wapo watakaonihoji: ya nini kuzungumzia mashine ya ghali ilhali zahanati nyingi hazina hata vidonge? Hoja hiyo ina uzito, na vidonge na ushauri ndivyo vinavyostahili kutangulia. Lakini maneno ndiyo yanayomfikisha mgonjwa mlangoni, iwe anafuata vidonge au sumaku, na maneno hayanunuliwi. Tena, tusipoieleza tiba hii ipasavyo, wauzaji wa bangili za sumaku watatueleza wao. Sumaku ya bangili haizunguki wala haipigi. Haiwezi kuuchochea ubongo hata kidogo.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kiswahili na wa fizikia waketi pamoja, kwani dainamo ya baiskeli ni somo la wote wawili. Mimi napendekeza tuiite tiba hii mchocheo wa sumaku wa ubongo. Ugonjwa wa huzuni tuuite sonona, neno lililozaliwa na kitenzi chetu cha kale cha kuumia moyoni, na ambalo ndugu zetu wa Tanzania wamekwisha kulizoea. Nanyi wanafunzi, waulizeni wazee wenu husemaje kwa Kijaluo, Kiluhya na Kikisii kuhusu mtu ambaye moyo wake umechoka bila sababu. Yaandikeni majina hayo, mkitenga yanayotukana na yanayoeleza.

Mama wa Dunga aliitazama taa ya baiskeli kwa muda, kisha akauliza kama tiba inauma. Nilimjibu kwamba huenda kichwa kikamuuma kijana kidogo. Akaomba simu. Kijana ameianza tiba, nasi twasubiri kuona itamfaa kiasi gani. Siku zile mbili alizozipoteza kwa sababu ya ulimi wangu hazikuwa nyingi. Wako wanaopoteza miaka, kwa kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.