Pembea za Zell am See

Mtu akirudi safari twamuuliza mambo mengi: alipanda mlima gani, alilala hoteli gani, alinunua nini, nyama ya halali aliipata wapi. Nadra kumsikia mtu akimuuliza, watoto walicheza wapi? Na mimi nashika kwamba swali hilo tunaloliacha ndilo lipimalo mji kuliko yote. Mji waweza kuwa na majumba ya fahari na maduka ya dhahabu, lakini ukitaka kujua wenyewe wana moyo gani, tazama ardhi yao iliyo nzuri kupita zote wamempa nani.

Mfano ninaouleta leo ni wa mji mdogo uitwao Zell am See, katika jimbo la Salzburg nchini Austria. Wakazi wake ni kama 10,000 tu. Mji umekaa kando ya ziwa liitwalo Zeller See, lenye urefu wa kama kilomita 4 na kina kinachokaribia mita 70, na ziwa lenyewe limetulia mita 750 juu ya usawa wa bahari, milima imelizunguka kama watu waliokaa halaka. Mji mkongwe umejengwa juu ya ulimi wa ardhi ulioletwa na kijito kishukacho mlimani, ukaingia majini mithili ya gati. Reli ilifika hapo mwaka 1875, na mwishoni mwa mwaka 1927 likaanza gari la waya la kuwapandisha watu mlima Schmittenhöhe, wenye mita 1,965. Tangu hapo mji haukukosa wageni.

Mimi nilifika huko kwa hisani ya dada yangu, aliyeolewa Maskati miaka mingi iliyopita. Nyumba yao ni kama nyumba nyingi za Waomani wenye asili ya Unguja na pwani yetu: Kiarabu sebuleni, Kiswahili jikoni. Mwezi wa Julai joto la Maskati laweza kupita digrii 40, na mtoto hawezi kugusa chuma cha pembea mchana akabaki na ngozi ya kiganja. Basi watu wa Ghuba, wenye uwezo, huhama na wana wao kwenda kwenye baridi, na Zell am See ni katika miji waipendayo mno. Wenyewe huiita pepo ya dunia, kwa kuwa wamekulia jangwani wakisoma habari za bustani na mito, na hapo wanaiona mito yenyewe na bustani yenyewe. Ukipita kando ya ziwa jioni utasikia Kiarabu cha Kuwait na cha Riyadh na cha Dubai. Nami siku ya pili nilisikia nyuma yangu sauti ya mama, "Wee! Shuka huko, utavunjika!" Nikageuka. Alikuwa mama wa Kiomani, buibui lake jeusi tititi, na mwanawe yu juu ya ngazi ya mtelezo.

Yako mambo ya kulipia, na si haba. Kaprun, mji jirani, kuna kigari cha reli kishukacho mlimani kwa mizunguko kama kilomita 1.3, nao watoto hawachoki nacho. Schmittenhöhe wamemtungia watoto joka dogo liitwalo Schmidolin. Mlima Kitzsteinhorn, wenye mita 3,203, una barafu ya kudumu, na mtoto wa Maskati au wa Mombasa aweza kuteleza juu ya theluji katikati ya Julai. Nakiri ni ajabu kuiona, ijapokuwa barafu hiyo yapungua mwaka hadi mwaka kwa joto la dunia. Lakini mtu mwenye watoto wanne, akilipa gari la waya la kupanda na kushuka, kisha vyakula vya juu huko, atarudi hotelini mfuko umekauka. Na watoto huwa wameona mengi, wamecheza kidogo. Kuona si kucheza.

Kucheza kwenyewe ni pale chini, ukingoni mwa ziwa, katika bustani iitwayo Elisabethpark, iliyopewa jina la malkia wao wa zamani. Pana nyasi, maua, njia ya kutembelea kwa miguu, na uwanja wa watoto. Usiku wa kiangazi huonyeshwa maji yakirushwa ziwani kwa taa na muziki, na hilo ndilo linalosifiwa. Mimi huupitisha muziki, nikarudi kwenye uwanja.

Siku ya kwanza tulipofika hapo, dada alisimama na mkoba wake mkononi akiangaza macho huku na huku. Akaniuliza, "Kaka, tunalipa wapi?" Nikamwambia hapana pa kulipa. Hakuniamini. Akamwendea bibi mmoja wa Kiaustria aliyekuwa na mjukuu wake, akamuuliza kwa Kiingereza cha kuungaunga. Bibi yule akacheka, akatikisa kichwa, akamwonyesha kwa mkono pembea iliyo wazi. Watoto wakaivamia. Baada ya robo saa mpwa wangu wa kike alikuwa akimsukuma yule mjukuu, na yule mjukuu akimfundisha kuhesabu kwa Kijerumani. Hapakuwa na mkalimani. Mtaalamu wa siasa angehitaji mkutano wa siku tatu kulifanya jambo hilo, na posho juu yake.

Fikirini, ndugu zangu. Ardhi ile iko mbele ya maji, mbele ya milima, katikati ya mji unaoishi kwa wageni. Tajiri wa hoteli angeitoa kwa bei gani? Na wako walioachiwa kuicheza bure, wa kwao na wa kuja. Nao hawakupewa vyuma vibovu vilivyobaki. Ulaya yote ina kanuni moja ya viwanja hivi, kwa nambari yake EN 1176, nayo haikubali mtoto awe na mahali pa kuanguka kutoka juu ya mita 3, na chini ya pembea yatakiwa pawe na kitu laini, mchanga au magome ya mti au changarawe ya duara. Mtu amekaa ofisini akafikiri juu ya goti la mtoto wa mwenzake, akaliandikia sheria. Hilo lanifurahisha kuliko gari la waya.

Yako na mengine nyuma yake yasiyoonekana. Ziwa lile, katikati ya karne iliyopita, lilikuwa limeanza kuharibika. Nyumba na hoteli zilimwaga uchafu wao ndani, majani ya majini yakazidi, maji yakabadilika. Hawakulitukana ziwa wala hawakuandika vibao vya kuwakataza watoto. Walilaza mabomba ya kulizunguka, maji machafu yakachukuliwa kando yakasafishwe, na ziwa likapona. Leo mtoto huingia na kutoka, akimeza funda mamaye hashtuki. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba uwanja wa watoto ni pembea na rangi, mwambie uwanja waanzia kwenye bomba la choo.

Sisemi kwamba kila kitu huko ni asali. Mwaka 2014 ofisi ya utalii ya huko ilitoa kijitabu cha kuwafundisha wageni wa Kiarabu adabu: wasipatane bei madukani, wasile wamekaa chini vyumbani mwa hoteli, na wanawake waache kufunika nyuso. Kikapigiwa kelele, kikaondolewa. Kisha tangu tarehe 1 Oktoba 2017 sheria ya nchi nzima yakataza kufunika uso hadharani, na faini yafika euro 150. Dada yangu hafuniki uso, buibui na mtandio vyamtosha, kwa hiyo sheria hiyo haikumgusa. Lakini nilimwona mama mmoja akikaa kila alasiri kwenye roshani ya hoteli, nikabu usoni, akiwatazama wanawe kule bustanini wakiwa na mtumishi. Mdogo wao alikuwa kila akishuka mtelezo ainua kichwa kutafuta roshani ni ipi.

Mwenyeji ana haki ya kutunga sheria ya nyumba yake, na mgeni mwenye adabu huifuata au haendi. Hilo silipingi. Ninalosema ni kwamba sheria hii, hata waliitunga kwa nia gani, pale kwenye pembea ilimpokonya mtoto mama yake, na haikumpa kitu badala yake. Na ni ajabu zaidi kwa kuwa Austria hiyo hiyo iliutambua Uislamu kwa sheria tangu mwaka 1912, baada ya kuitwaa Bosnia, wakati majirani zake wengi hawajaliwaza jambo hilo. Mama anayevaa nikabu na afikirie mapema kabla ya kukata tikiti, asije akayajua haya akiwa na watoto mlangoni.

Najua watakaosema kwamba nimemaliza wino kwa upuzi. Wazee wangu chuoni walituambia mchezo ni kazi ya shetani, na fimbo ya mpera ilikuwa karibu. Lakini maalimu hao hao ndio waliotusomesha habari za Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyorefusha sijida kwa kuwa mjukuu wake amempanda mgongoni, asitake kumkatiza. Na alivyokuwa akimliwaza mtoto mdogo aliyekuwa na kijindege chake, akimwita kwa jina la utani. Aliyerefusha sijida kwa ajili ya mchezo wa mtoto hakuuona mchezo ni upuzi. Sisi tumeikariri hadithi, tukaiacha msikitini pamoja na makubadhi.

Utotoni mwangu pembea ilikuwa jambo la Idi. Zilikuja pale Makadara, za mbao, za kusukumwa kwa mikono, na kila mzunguko una bei yake. Fedha ya mkono wa Idi ikiisha, unasimama kando ukawatazama wenzako. Baada ya siku chache zikang'olewa, na mwaka mzima tukabaki na tiara na gololi na kibemasa vichochoroni. Siyalaumu, ilikuwa furaha kubwa. Lakini vichochoro navyo sasa vina pikipiki, na viwanja wazi tulivyocheza vingi vimeota majumba bila mtu kujua hati ilitoka wapi. Ukingo wetu wa bahari ni mrefu kuliko ziwa la Zell mara nyingi, na mtoto wa Mombasa auona kwa kupenya baina ya kuta za hoteli.

Mwaka 2019 serikali ilipoitengeneza upya Mama Ngina, nilifurahi, na ningali nafurahi nikiona jamaa zetu jioni wakila mihogo na kunywa madafu chini ya mibuyu. Hapo pameonyesha kwamba tukitaka twaweza. Lakini mahali pamoja hapatoshi kwa mji wa watu zaidi ya milioni. Nataka Tudor, nataka Likoni, nataka Kisauni, kila mahali palipo na maji pawe na kipande kilichoandikwa hati ya watoto, kisichouzwa hata kwa waziri. Na kwa kuwa sote twajua maji machafu ya kisiwa hiki mengi yanamwagwa wapi, tuanze na bomba.

Mwenye kujaliwa kwenda Zell am See na achague kiangazi, aende bustanini baada ya Alasiri. Jua la Juni na Julai huchwa huko mnamo saa tatu usiku, na Isha huingia baada ya saa tano. Mtoto hucheza mpaka mwenyewe aombe kurudi. Chukua sweta, maana jua likiegemea mlimani baridi hushuka ghafla, na chukua msala. Dada alitandika wake penye nyasi, nyuma ya pembea, na watu wakapita mbali kidogo wakamwacha aswali.