Usiuze mtamba ununue mtambo

Juma lililopita dada yangu alinipigia simu kutoka Mai Mahiu. Hata salamu hazikuisha. "Ndugu yangu, njoo useme na mpwa wako," akaniambia. "Anataka niuze mtamba anunue mtambo."

Nilitaka kucheka kwa jinsi maneno hayo mawili yanavyofanana, lakini yeye hakuwa akicheka. Mtamba huyo ndiye mali ya maana aliyo nayo. Anatarajiwa kuzaa mwishoni mwa mwaka, na kwa hesabu za dada, maziwa yake ndiyo yatakayomlipia kitinda mimba karo ya chuo. Kifungua mimba naye ana studio ndogo chumbani mwake, na anashikilia kwamba bila maikrofoni mpya ya shilingi 45,000 kazi yake haiwezi kusonga mbele.

Nikapanda matatu. Wanaoijua njia hiyo wanajua jinsi inavyoteremka ukingo wa Bonde la Ufa hadi kwenye kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na mateka wa vita Waitaliano, wale waliotengeneza barabara yenyewe. Huku juu wachuuzi hutundika ngozi za kondoo, kofia za manyoya na shuka za Kimaasai. Zikumbuke ngozi hizo, msomaji, maana tutazirudia. Chini kabisa ndipo Mai Mahiu, mji wa malori. Ya Nakuru na Uganda hupita moja kwa moja, ya Narok hukata kona, na usiku hauyazuii.

Chumba cha mpwa wangu kiko nyuma ya maduka, hatua chache kutoka barabarani. Kuta ni za mawe na saruji, paa ni la mabati, sakafu ni tupu. Mezani kuna kompyuta ya mtumba, kisanduku cha kuingizia sauti chenye matundu 2, maikrofoni 1 ya kushika mkononi kama zile za makanisani, vipokea sauti vya masikioni, na gitaa. Hapo hurekodi kwaya, waimbaji wa mugithi na matangazo ya maduka.

"Mjomba, sikiliza mwenyewe," akaniambia, akafungulia wimbo aliorekodi juzi.

Nikasikiliza. Mwimbaji alikuwa na sauti nzuri, lakini alisikika kama mtu aimbaye ndani ya tangi la maji. Chini yake palikuwa na mngurumo usiokoma.

"Umesikia? Ni hii maikrofoni," akasema. Kisha akatoa simu na kunionyesha video ya kijana wa ng'ambo akiisifu ile ya shilingi 45,000. Nikamuuliza amezitazama video ngapi za namna hiyo mwezi huu. Hakujua idadi. Nikamuuliza amemaliza nyimbo ngapi. Hiyo aliijua: 1.

Mimi si fundi wa mitambo, ila katika ujana wangu nilirekodi vipindi vya redio kwa miaka kadhaa, na kuna mambo machache ambayo hayajabadilika. Nikamwomba asimame katikati ya chumba apige kofi moja. Kofi likalia, kisha likafuatwa na mlio mwembamba uliorukaruka kati ya kuta. "Hilo ndilo tangi lako," nikamwambia.

Sauti ikitoka kinywani haiendi kwenye maikrofoni peke yake. Huenda pia ukutani, ikadunda, ikarudi imechelewa kidogo, nayo maikrofoni huzipokea zote mbili. Ukuta wa saruji huirudisha karibu yote. Kitu kinene na laini huinywa. Basi tukalisimamisha godoro lake nyuma ya mwimbaji, tukatundika mablanketi mawili pembeni, na nguo zote za kabatini tukazining'iniza kwenye kamba. Akapiga kofi tena. Safari hii lilikufa pale pale.

Hapo ndipo ngozi za kondoo zinapoingia. Watu wa mjini huzipita wakidhani ni mapambo ya sebule tu, kumbe manyoya yale yakitundikwa ukutani hunywa sauti nyembamba vizuri sana. Kijana anayeishi chini ya mlima ambako ngozi huuzwa kando ya njia hana haja ya kuagiza sponji za studio kutoka ng'ambo.

Malori ni shauri lingine. Mngurumo mzito hupenya ukuta, na blanketi haliuwezi. Dawa yake ni saa na umbali. Tulikaa kwenye kizingiti na daftari, tukahesabu malori kwa kila robo saa kuanzia saa moja jioni. Hadi saa nane za usiku tulikuwa tumejua ni wakati gani barabara hupumua. Mpwa wangu ameishi hapo miaka 3 na hakuwahi kuhesabu.

Umbali nao una kanuni yake. Ukiuongeza mara mbili umbali kati ya kinywa na maikrofoni, sauti inayofika hupungua kwa nusu, lakini lori na mwangwi hubaki vile vile. Kwa hiyo anayeimba mkono mzima kutoka kwenye maikrofoni, kama alivyofanya yule wa juzi, huwakaribisha madereva wote waimbe naye. Tulimsogeza mpwa wangu hadi vidole vinne kutoka kwenye maikrofoni, tukaigeuza kidogo pembeni ili pumzi za "pa" na "ba" zisiipige, tukaivalisha soksi nyembamba. Kisha tukabonyeza kitufe cha kupunguza sauti nzito, kitufe ambacho kilikuwa kwenye programu yake siku zote.

Akaimba ubeti ule ule, kwa maikrofoni ile ile. Tukausikiliza baada ya ule wa awali. Alikaa kimya kwa muda.

"Mbona hawasemi haya kwenye video?" akauliza.

"Kwa sababu godoro unalo tayari. Nani atakuuzia?"

Sasa niseme neno juu ya ile maikrofoni aliyoitamani, maana si mbaya. Ni ya aina ya kondensa, ambayo husikia hata mlio wa saa ya ukutani. Ndani ya studio iliyozibwa vizuri hiyo ni sifa kubwa. Lakini katika chumba cha mabati, hatua chache kutoka barabara ya Nakuru, kuinunua ni kuyanunua malori kwa shilingi 45,000. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mimi ningeongeza kwamba kuna shamba ambalo jembe jipya hulichimba vibaya zaidi.

Lakini mpwa wangu hakuwa mjinga, naye alinijibu jambo ambalo sikuweza kulipuuza. "Mjomba, wateja huingia hapa wakatazama meza kabla hawajasikia chochote. Wakiona maikrofoni ya kanisani wanaondoka."

Ni kweli. Biashara ina macho. Nilimshauri asiwaketishe wateja mbele ya meza. Awape kwanza vipokea sauti wasikilize nyimbo 2 alizozimaliza vizuri, kisha ndipo watazame watakako. Wengine wataondoka bado, na sina dawa ya hao. Ila kwa nyimbo 2 zilizokamilika atawapata wengine, na kwa maikrofoni mpya bila wimbo hata mmoja hatapata kitu ila deni.

Tena sisemi asinunue chochote. Tulipoandika matatizo yake halisi kwenye karatasi, tulikuta waya unaokwaruza, kigingi cha maikrofoni kilichofungwa kwa kamba, na betri ya kompyuta iliyokufa. Hiyo betri ndiyo mwizi mkubwa. Stima zilipopotea mwezi uliotangulia, kazi ya kwaya nzima ilipotea nazo, na watu 14 wakalazimika kurudi kuimba upya. Waya, kigingi na betri havina mtu wa kuvisifu kwenye video, lakini vyote vitatu haviifikii hata robo ya bei ya ile maikrofoni. Havihitaji kuuzwa mtamba wala kukopa kwa simu.

Wakati tukiyaandika hayo, dada yangu aliingia na chai. Akasimama mlangoni akatusikiliza, kisha akasema polepole, "Mwambie mjomba wako juu ya yule mzee wa kodiani."

Mpwa wangu akainamisha kichwa.

Palikuwa na mzee jirani aliyepiga kodiani ya mwomboko tangu ujana wake, ngoma ile ya Wakikuyu inayochezwa wawili wawili, mwenzake akigonga karing'aring'a ya chuma. Alikuwa na nyimbo ambazo vijana hawazijui. Mara mbili alikuja mwenyewe mlangoni na kodiani mgongoni, akiomba arekodiwe. Mara zote mbili mpwa wangu alimwambia, kwa heshima, "Guka, ngoja kidogo. Nikipata maikrofoni nzuri nitakurekodi vizuri." Mzee alizikwa Machi. Hakuna hata dakika moja ya kodiani yake iliyobaki, si kwa maikrofoni nzuri wala kwa mbaya.

Hili ndilo lililonifanya niandike Jumapili hii. Tukizungumza juu ya tamaa ya kununua, tunahesabu fedha zilizotoka. Hatuihesabu kazi iliyongojeshwa. Mtambo usiokuwapo umekuwa kisingizio cha kutoanza, na ni kisingizio kinachoheshimika, kwa sababu kinafanana na bidii.

Barabara inayokata kona Mai Mahiu kwenda Narok hufika Bomet, na kutoka hapo si mbali hadi Kapkatet, nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 alifika huko Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka nchi nyingi za Afrika akirekodi muziki wa wenyeji. Sauti zote ziliingia katika mkondo mmoja tu. Maikrofoni aliishika mkononi, akaisogeza penye sauti aliyoitaka na kuiondoa penye ala iliyozidi. Hakuwa na nafasi ya kurekebisha baadaye. Miongoni mwa waliorekodiwa ni Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake, katika wimbo uitwao Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika hadi huko. Rekodi hizo zimehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey. Zaidi ya miaka 60 baadaye, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha Kapkatet, wenyeji wakasikia sauti za watu wao.

Kwa wakati wake mashine ya Tracey ilikuwa nzuri, sikatai. Lakini kompyuta ya mtumba ya mpwa wangu hubeba mikondo mingi katika wimbo mmoja, na kurekebisha kosa hakumgharimu hata senti. Alichokuwa nacho Tracey ambacho yeye hakuwa nacho ni mkono uliojua mahali pa kuiweka maikrofoni, na ule moyo wa kurekodi leo.

Wala si wa zamani peke yao. Mwaka 1982 mwanamuziki Bruce Springsteen wa Marekani alitoa albamu iitwayo Nebraska. Alijirekodi chumbani, huko New Jersey, kwa mashine ndogo ya kaseti yenye mikondo 4 na maikrofoni 2 za kawaida. Alikusudia kuwaonyesha tu wenzake wa bendi. Bendi ikaingia studio kubwa, ikazijaribu nyimbo zile, na baada ya kazi yote hiyo kilichotolewa ni kile cha kaseti. Mtu huyo alikuwa na uwezo wa kununua chochote.

Tulikubaliana hivi, mimi, dada na mpwa. Kila anapotamani kitu, atakiandika ukutani pamoja na tarehe na tatizo ambalo kitu hicho kitaliondoa. Asipoweza kulitaja tatizo, hakuna kununua. Akiweza, atangoja siku 30 na katika siku hizo ajaribu kulitatua kwa vilivyomo chumbani, au akiazime kitu hicho kwa mwenzake au akikodi kwa siku moja. Na hatanunua chombo kipya kabla hajamaliza nyimbo 10 kwa alivyo navyo. Akizimaliza na tatizo likabaki, nitachanga mimi mwenyewe, na dada alikuwa shahidi.

Wazazi wenzangu, mtoto akikuomba kifaa, usimkatalie ukiwa jikoni. Ingia chumbani mwake ukae usikilize. Pengine anahitaji kweli, na utajua. Pengine anahitaji blanketi. Nanyi wanafunzi mnaorekodi kwa simu usiku hosteli, msiache mbachao kwa msala upitao. Simu hiyo, ndani ya kabati lililojaa nguo, inatosha kwa kuanzia.

Mgonga karing'aring'a wa yule mzee yu hai bado. Anakaa upande wa Longonot, na nyimbo nyingi anazikumbuka. Mpwa wangu amesema atakwenda kwake leo alasiri, na maikrofoni ya kanisani, waya mpya, na blanketi mbili. Mtamba naye anakula majani.

Hadi Jumapili ijayo.