Timu ya Mtwara Iwe Mali ya Nani?

Yako maswali ambayo watu wa Kusini huyauliza barazani kwa sauti ya chini, na sisi twaona wakati umefika yaulizwe hadharani. Moja ni hili: kwa nini mkoa wa Mtwara, wenye bandari, korosho na gesi, umekosa timu katika Ligi Kuu ya kandanda tangu mwaka 2020?

Tukumbushane. Mwaka 2014 Ndanda ilipanda Ligi Kuu pamoja na Stand United ya Shinyanga na Polisi ya Morogoro. Jina lake ni la Ndanda kule Masasi, mahali panapojulikana kwa misheni na hospitali, lakini makao yake yalikuwa Mtwara mjini. Kwa misimu sita Yanga na Simba walilazimika kufunga safari mpaka uwanja wa Nangwanda Sijaona. Mvuvi wa Msimbati na mkulima wa Tandahimba wakawa na jambo moja la kuzungumza, na kila mmoja alisema “timu yetu”. Kisha msimu wa 2019/20, ligi ilipopunguzwa kutoka timu 20 hadi 18, Ndanda ikashuka pamoja na Lipuli, Alliance na Singida United.

Si haki kuwatupia wachezaji lawama zote. Timu ya Mtwara ikienda kucheza na Kagera Sugar huivuka nchi nzima, kutoka Bahari ya Hindi hadi ng’ambo ya Ziwa Viktoria. Safari hiyo yataka basi, chakula na malazi, na mwisho wa mwezi mishahara haingoji. Timu za majeshi zina mwajiri. Timu za sukari zina kiwanda. Yanga, iliyozaliwa 1935, na Simba, iliyozaliwa 1936, zina wapenzi katika kila wilaya. Je, timu ya mkoa ina nani?

Wengine watatujibu: na atafutwe tajiri. Hatumchukii tajiri, lakini twauliza, akichoka itakuwaje? Timu ya Ihefu ilitoka Mbarali, mkoa wa Mbeya. Mwaka 2024 ilihamishiwa Singida na kuitwa Singida Black Stars. Nafasi katika ligi iliondoka na mwenye mali, na watu wa Mbarali wakabaki na uwanja. Sheria za mpira huenda hazikuvunjwa, lakini twajifunza kwamba kushangilia si kumiliki.

Korea ya Kusini wamelijua jambo hili kabla yetu. Ligi yao ya kulipwa ilianza 1983, na nyingi za timu zake zilikuwa za makampuni. Mwaka 2004 timu ya kampuni ya LG iliuacha mji wa Anyang ikahamia Seoul. Mwaka 2006 timu ya kampuni ya SK ikauacha mji wa Bucheon ikaenda kisiwa cha Jeju. Watu wa miji hiyo walilia, kisha wakafuta machozi. Washabiki wa Bucheon waliunda klabu yao wenyewe mwaka 2007. Anyang, kwa msaada wa halmashauri ya mji, walianza upya 2013 katika daraja la pili, wakavumilia miaka kumi na zaidi, na 2024 wakapata ubingwa wa daraja hilo na kupanda. Daegu walitangulia: mwaka 2002 waliunda klabu ambayo raia wa kawaida waliweza kununua hisa zake.

Wala hatuhitaji kwenda Asia kuona kwamba Kusini kuna vipaji na ari. Jirani zetu wa Ruangwa, mkoani Lindi, waliipandisha Namungo mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la taifa, ikafungwa na Simba 2–1. Baadaye ikaingia hatua ya makundi ya mashindano ya Afrika. Ikiwa Ruangwa imeweza, Mtwara inashindwa na nini?

Mtwara imezoea kuona neema ikipita. Mpango wa karanga wa Waingereza ulituletea bandari na reli ya Nachingwea. Mpango ukafa, na reli ikang’olewa. Gesi ya Mnazi Bay tangu 2015 yasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Hatusemi isisafiri, kwani taifa ni moja. Twasema kwamba watu wa hapa nao wawe na kitu ambacho hakuna awezaye kukifungasha na kuondoka nacho.

Kwa hiyo twapendekeza hivi. Ndanda, au klabu nyingine itakayokubaliwa, iuze hisa za bei ndogo, na hakuna mtu wala kampuni itakayoruhusiwa kushika hisa nyingi kuliko wananchi. Kampuni zikaribishwe kuweka majina yao kifuani mwa jezi, lakini kura ya mwisho ibaki kwa wenye mji. Halmashauri itunze uwanja na timu za vijana. Hesabu zisomwe hadharani kila mwaka.

Tumesikia wasemao kwamba vyama vya ushirika vya korosho vikate fedha za timu katika kila kilo. Hatukubaliani nao. Mkulima amechoka na makato asiyoulizwa. Aombwe, aelezwe, na akitoa apewe hati yake mkononi. Mtu hulinda alichokinunua kwa hiari, lakini alichokatwa hukinung’unikia.

Njia hii haina miujiza. Timu ya wananchi nayo hufungwa, nayo hushuka daraja. Tofauti ni kwamba ikishuka, wenyewe wapo. Nguo ya kuazima haisitiri mwili, na timu ya kuazima haisitiri heshima ya mkoa. Mtwara na ishone yake.