Gunia tatu za shangazi

Leo nakuandikia kutoka nyumbani Kituntu, Karagwe, migombani kabisa, na usidhani nimefuata ndizi za bure tu. Kuna washikaji wameniuliza hii kazi ya mchambuzi wa mifumo ya biashara mtu wa kidato cha nne anaingiaje. Nawajibu kwa sababu na mimi naisaka hiyohiyo. Safu hii inanilipa vocha, kodi ya chumba hailipi.

Zamani nilidhani ni kazi ya wakali wa kompyuta. Kumbe wapi! Mchambuzi anakaa na karani, na mteja, na bosi, anauliza kitu kinatoka wapi, kinaenda wapi, nani anaandika, nani anasaini. Halafu anawachorea mafundi wa programu wajue wajenge nini.

Basi bwana, msimu uliopita shangazi yangu alipeleka kahawa ya maganda kwenye chama kimoja cha msingi, jina naliweka mfukoni. Gunia tatu. Wenzake wakalipwa, yeye kimya. Karani akafungua daftari: "Mama, mbona ulishalipwa?" Shangazi akatoa stakabadhi kutoka kwenye pindo la kanga. Yakawa makelele, na karani akaanza kuitwa mwizi hadi kilabuni. Mjomba naye akachochea, eti bora angeuza kwa butura. Kwa wageni, butura ni kumuuzia mwenye hela kahawa yako ikiwa ingali maua, kwa bei ya kutupa. Shangazi hakulala, ada ya binti yake ilikuwa humo.

Nikaomba makaratasi. Nikachora njia yote ya gunia: mizani, stakabadhi, daftari, orodha ya malipo, benki. Siku mbili nzima, wazee wananiangalia kama nimechanganyikiwa. Mwizi hakuwepo! Stakabadhi ina majina matatu, orodha ya malipo inaandikwa mawili, na kijijini wako akina mama wawili wenye majina mawili hayohayo. Hela ilikwenda kwa mwenzake, naye akajua bei imepanda, akashukuru Mungu akaezeka jiko.

Nikashauri kila mkulima awe na namba, iandikwe kwenye kila karatasi. Karani akaniuliza, "Mwanangu, nani kakutuma?" Swali la haki kabisa. Mchambuzi asiye na wa kumtuma ni mmbea tu. Yule mama analipa kidogokidogo, bado hela ya gunia moja. Namba wanasema wataijadili.

Nilipokuja kusoma nikakuta fani yenyewe ilianzia kwenye mikate. Kampuni ya Kiingereza ya chai na keki, J. Lyons, ilijijengea kompyuta iitwayo LEO, na Novemba 1951 ikaanza kuipigisha hesabu za viwanda vyake vya mikate. David Caminer, anayetajwa sana kuwa mchambuzi wa kwanza wa mifumo ya biashara, alikuwa ameingia Lyons tangu 1936. Makaratasi ya kampuni aliyajua kabla mashine haijazaliwa.

Sasa mlango. Serikalini usijidanganye, kwa kawaida wanataka shahada ya mambo ya kompyuta. Kuna chama cha kimataifa cha wachambuzi, IIBA, kinatoa cheti cha wanaoanza, ECBA, ambacho hakidai uzoefu. Kile cha wakubwa, CBAP, kinadai saa 7,500 za kazi katika miaka 10. Ada zake ni za dola, hapo ndipo pananiumiza. Kwa hiyo nimeanza na mlango wa uani: natafuta mtu ambaye vitu vyake vinapotea na hajui vinapotelea wapi.

Nimempata mmoja, mwenye duka la pembejeo Kayanga. Mifuko ya mbolea haikubaliani na daftari. Kanitumia nauli, ya kwenda tu. Mchoro wa shangazi nimeukunja mfukoni, na gari hilo linapiga honi.