Dalili Tunazichapa Viboko

Wenzangu tunaosomea ualimu hapa Arua, baadhi yenu husema dhuluma ya kingono dhidi ya watoto haionekani, hivyo mwalimu hana lawama. Mimi nakataa. Dalili tunaziona kila siku, na tunazichapa viboko.

Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Anaketi kwa maumivu. Anamkwepa mtu fulani wa ukoo. Ana pesa asizoweza kueleza zilikotoka. Dalili moja peke yake si ushahidi, na watoto wengine hawaonyeshi yoyote. Lakini tazameni majina tunayozipa dalili hizo: uchafu, uvivu, ukaidi, umalaya. (Ndiyo, umalaya, kwa mtoto wa miaka kumi!) Kila jina lina kiboko chake.

Katika mazoezi ya kufundisha, Koboko, nilimwona msichana wa darasa la nne aliyesinzia kila asubuhi. Jioni kengele ikilia, wenzake hukimbia nje. Yeye hubaki kwenye dawati akijifanya anatafuta kalamu. Alichapwa kwa uvivu. Huenda ilikuwa njaa, huenda malaria. Nilipopendekeza aulizwe, nilijibiwa kwamba mambo ya nyumbani yaachwe nyumbani.

Mtendaji humwambia mtoto, "Hakuna atakayekuamini." Sisi tunakuja na kiboko kumthibitishia.

Utafiti wa kitaifa uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya vijana wa Uganda wa miaka 18 hadi 24, wasichana 35 katika kila 100, na wavulana 17, walitendewa ukatili wa kingono utotoni. Hesabuni madawati ya darasa mliloketi zamani.

Mtasema madarasa ya West Nile yamejaa, muda hakuna. Yamejaa kweli. Mbona muda wa kuchapa unapatikana? Tena Sheria ya Watoto, iliporekebishwa mwaka 2016, ilipiga marufuku viboko shuleni, na simu ya Sauti, namba 116, hupigwa bure.

Wahadhiri wetu, mnatufundisha kwa saa nyingi kudhibiti darasa. Tengeni walau moja tujifunze kumwuliza mtoto, kwa Kiswahili, Kilugbara au Kikakwa, bila kumtisha wala kumtilia maneno kinywani: "Ukifika nyumbani, unamkuta nani?" Na tufundishwe kunyamaza mpaka ajibu. Tuipate saa hiyo kabla ya mazoezi ya muhula ujao.