Shogun 2 ni moto, lakini inatudanganya kuhusu urafiki

Wasee, tuongee ukweli. Total War: Shogun 2 ilitoka 2011 na bado inachapa gemu nyingi za juzi. Ramani ni Japani pekee, aina za askari si nyingi, so unashika haraka: mikuki inamaliza farasi, panga zinamaliza mikuki. Kila zamu ni msimu, na ukivamia watu wakati wa baridi, theluji inakula jeshi lako. Hapo heshima.

Shida ni ile kitu inaitwa Realm Divide. Jina lako likishakuwa kubwa, shogun anakutangaza adui na karibu Japani nzima inakurukia. Hata mshirika uliyemwokoa mara tatu, urafiki unaoza kila zamu hadi anakugeuka.

Mafans wanatetea eti ndio historia. Historia gani? Oda Nobunaga aliingia Kyoto 1568, akazidi kukua, na Tokugawa Ieyasu akabaki naye hadi Nobunaga alipokufa 1582. Sawa, Azai Nagamasa alimgeuka 1570. Lakini Nobunaga alikuwa amevamia Asakura, marafiki wa Azai. Kulikuwa na sababu! Gemu haina sababu, ina hesabu tu.

Mimi nilipoacha chuo, wengine walipotea, wengine wakabaki. Hakuna aliyehama juu ya mita kujaa. Gemu ya mkakati ingenifanya nitoe jasho kulinda washirika, si kuwaona wote kama maadui wa kesho.

Icheze, iko poa. Lakini usikubali ikufunze kuishi na watu hivyo.