Mguu Uliovunjika na Mavuno ya Mpunga

Masika yakikolea, njia ya Idete kwenda Ifakara huteleza na pikipiki huanguka. Mtu akivunjika paja au muundi, ubishi huanza hata kabla hajanyanyuliwa: apelekwe hospitali, au aitwe fundi wa kuunga mifupa? Sisi tunasema hospitali, na tutaeleza sababu.

Fundi hatumdharau. Vidole vyake huhisi mahali mfupa ulipoachana, na mkono wa mtoto ulioteguka kidogo huweza kupona kwake. Lakini paja si mkono. Akikaza vijiti, mguu unavimba ndani yake, damu inakosa njia, na baada ya saa chache tu nyama huanza kufa. Mgonjwa analia, anaambiwa avumilie, dawa inafanya kazi. Akifikishwa wodini siku ya nne na vidole vyeusi, daktari hana la kufanya ila kukata.

Wengine huikubali hospitali, ila wanakimbia chuma. Wanaomba wavutwe mguu kwa uzito kitandani. Njia hiyo huponya, na kwa watoto ni nzuri. Kwa mtu mzima mwenye paja lililovunjika ni kulala wiki 6 hadi 12. Hebu tupige hesabu ya mkulima: amevunjika Aprili, anaamka Julai. Mpunga umeiva, ndege wamekula, na mkewe alikuwa wodini akimpikia uji. Je, hiyo ndiyo njia ya bei nafuu?

Chuma kirefu cha kupitishwa ndani ya uboho kilianza kutumiwa na daktari Mjerumani, Gerhard Küntscher, mwaka 1939. Baadaye Dk. Lewis Zirkle wa Marekani alitengeneza chuma kinachofungwa kwa skrubu bila kuhitaji mashine ya eksrei ndani ya chumba cha upasuaji, na mwaka 1999 akaanzisha shirika la SIGN ili kiwafikie maskini. Kimetumika hata Muhimbili. Mara nyingi mgonjwa husimama na magongo baada ya siku chache. Chuma hakiungi mfupa, kinaushikilia tu. Mfupa hujiunga wenyewe, kuanzia ile damu iliyoganda, kwa miezi 3 hadi 6. Kwa mvuta sigara huchelewa zaidi. Kwa hiyo asitupe magongo kwa kuwa tu maumivu yamekwisha.

Kikwazo ni fedha, tusidanganyane. Jumuiya zetu ndogondogo huchanga upesi kwa jeneza. Kwa mguu wa aliye hai tunachanga polepole, na hilo tunaliona ni kosa letu sote.

Ajali ikitokea, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi. Kisipakwe majivu wala majani. Mfupa uliotoka nje usirudishwe: unahitaji kuoshwa hospitali mapema, pamoja na sindano ya pepopunda. Mguu ufungwe kwenye mbao mbili bila kukazwa, na vidole viachwe wazi. Vikipoa au kufa ganzi, legezeni. Asafirishwe amelala, asipakiwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Na kama fundi amekwisha kuitwa, tumwombe naye apande gari, amshikie mgonjwa mguu mpaka Ifakara.